Maji ya Paa la Nani?

Mzee wa mtaa alikuja asubuhi na daftari la shule kwapani. Nyuma yake vijana wawili, mmoja na beleshi, mwingine anasukuma mkokoteni mtupu. Masika yalikuwa yamekaribia, na kwetu Kisauni, Mombasa, upande huu wa bondeni, masika yakikaribia tunachanga. Kila nyumba shilingi 200. Pesa hizo ndizo zinazozibua mtaro: ujira wa vijana, mkokoteni wa kubebea tope, na glavu kama kitabaki kitu.

Bibi wa nyumba ya jirani alitoka na leso mabegani. Ni mtu mzima sana, hata mzee wa mtaa humpa shikamoo. Akaitikia marahaba, akalitazama daftari, kisha akauliza kwa upole kabisa:

"Mwanangu, haya maji mwataka niyalipie, ni ya paa la nani?"

"Ni maji ya Mungu, bibi."

"Ya Mungu ni yale yaanguka. Haya yaingiayo kwangu yatoka kule." Akaonyesha kwa kidevu, upande wa barabara kuu.

Kisha akafungua fundo la leso, akatoa mia mbili, akangoja mpaka nyumba yake ikaandikwa, akarudi ndani.

Swali lake halijaniachia tangu siku hiyo.

## Kule juu

Nilipanda kwenda kutazama. Njia naijua, napita kila siku, lakini kupita si kutazama.

Penye minazi na nyasi, pale wakubwa wetu walipokuwa wakifunga mbuzi, sasa pana majumba ya ghorofa. Ua wa kila jumba umepigwa kabro, yale matofali ya zege ya kutandika chini, ukuta hadi ukuta, hapajaachwa mchanga hata wa kupanda mwarobaini. Mabomba ya maji ya paa yanapita chini ya geti na kumwaga barabarani. Mbele kidogo kuna godauni la mabati na yadi ya zege ya kugeuzia malori. Barabara yenyewe lami. Mtaro wa kando yake unateremka hadi kwenye kalvati, na kalvati linamwaga kwenye kichochoro chetu, ambako mtaro tuliuchimba kwa mikono na kuujengea vipande vipande, kila mtu mbele ya mlango wake.

Siku hiyo kalvati lilikuwa kavu. Nusu yake imejaa mchanga, na juu ya mchanga chupa za plastiki, nepi, na ndara ya mtoto. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku 2017 na kweli imepungua mitaroni. Chupa zimeshika nafasi yake.

Nikakaa na karatasi nikapiga hesabu, maana hesabu yake ni nyepesi. Milimita moja ya mvua ikianguka kwenye mita mraba moja ni lita moja ya maji. Chukua nyumba yetu ya kawaida ya vyumba sita, ya mita 10 kwa 12. Mvua kubwa ya siku moja mwezi wa Mei, tuseme milimita 50, inateremsha kutoka paa hilo lita 6,000. Ni mitungi 300 ya lita 20.

Sasa chukua paa la godauni la mita 40 kwa 60. Mvua ile ile: lita 120,000. Mitungi 6,000, na yadi bado hatujaihesabu.

Maji hayo zamani yalikuwa yakinywewa na mchanga. Ardhi ya pwani hii ya kaskazini ni mchanga juu ya jiwe la matumbawe, na inakunywa maji kwa pupa ukiiacha wazi. Ukiiziba, maji hayana pa kwenda ila mlangoni kwa mtu.

Mwenye godauni halijui daftari letu. Halijawahi kumfikia.

## Kodi iliyopo tayari

Watu husema maskini hawalipii mitaro. Nimelisikia hilo mikutanoni, na linanikera kila mara, kwa sababu sisi tunalipa kuliko mtu yeyote. Tunalipia matofali ya kuinulia kizingiti. Tunalipia godoro lililolowa. Boda anapandisha nauli maana anajua pikipiki itazimikia njiani. Mama mwenye meza ya mahamri anakosa siku mbili tatu za kuuza, na hakuna anayeziandika popote. Choo cha shimo kikifurika, tunalipia dawa ya watoto ya kuhara.

Na kadiri unavyokaa chini zaidi, ndivyo unavyolipa zaidi.

Hii ni kodi, hata kama haikupitishwa na bunge lolote. Tofauti yake ni kwamba imepinduliwa: anayetuma maji halipi, anayeyapokea ndiye anayelipa. Bibi alilisema kwa swali moja, na mimi ilibidi nipande kilima na karatasi ndipo nilielewe.

## Sheria haioni zege

Nani hasa mwenye jukumu? Katiba ya 2010 haikuficha. Jedwali la Nne linazipa kaunti kazi ya mifumo ya maji ya mvua katika maeneo yaliyojengwa. Kifungu cha 209 kinaziruhusu kaunti kutoza kodi ya ardhi na majengo, na pia kutoza ada kwa huduma zinazotoa. Kifungu cha 210 kinasema hakuna kodi bila sheria. Kwa hiyo mlango upo, na ufunguo upo.

Shida ni kipimo. Kwa desturi yetu Kenya, kodi ya ardhi ya kaunti inakadiriwa kwa thamani ya kiwanja kitupu, bila kuhesabu kilichojengwa juu yake. Viwanja viwili vilivyopakana, vya ukubwa mmoja, kimoja kina miembe na nyasi na kingine kimepigwa zege chote, vinaandikiwa kodi moja. Daftari la kaunti linaijua ardhi. Paa halilijui, wala kabro.

Tena hapa Mombasa tuna jambo letu wenyewe ambalo vitabu vya wataalamu wa nje havina: nyumba bila shamba. Mtu ana nyumba yake, ameijenga kwa jasho lake, lakini ardhi ni ya mwingine, naye humlipa mwenye shamba kodi ya kiwanja mwezi kwa mwezi. Kisauni, Likoni, Majengo, Changamwe, kote zipo. Paa ni la mmoja, ardhi ya mwingine, na katika daftari la kodi ya ardhi mwenye paa hayumo kabisa.

Halafu kuna mitaro yenyewe. Mtaro wa barabara kuu uko chini ya mamlaka moja ya taifa, wa barabara nyingine za mjini chini ya mamlaka ya pili, wa mitaani chini ya kaunti. Maji hayasimami kwenye mpaka kuuliza yameingia kwa nani. Ukienda kulalamika ofisini unaambiwa huo si wetu. Nimeambiwa hivyo, na mzee wa mtaa kabla yangu ameambiwa hivyo, mpaka tukarudi kwenye daftari la shule.

## Wengine wanavyopima

Kwa hiyo nikatafuta kama kuna mahali wamelijibu swali la bibi. Wapo, tena si wachache.

Mji wa Bellevue, jimbo la Washington huko Marekani, ulianzisha mwaka 1974 shirika la mji la maji ya mvua, lenye ada yake na mfuko wake, mbali na kodi za kawaida. Tangu hapo miji mingi ya nchi ile imefuata njia hiyo. Msingi wake ni huu: unapimwa eneo la kiwanja chako lisilopitisha maji, yaani paa, zege, lami, na unalipa kwa kadiri hiyo. Kwa kawaida nyumba ya wastani inahesabiwa kuwa kipimo kimoja. Duka kubwa lenye eneo la kuegesha magari linaweza kuwa vipimo mia na zaidi. Upimaji hufanywa kwa picha za kutoka angani.

Philadelphia walianza mwaka 2010 kuwahamisha wenye majengo ya biashara kwenye hesabu hiyo. Zamani ada ya maji ya mvua ilifuata mita ya maji ya bomba, na mwenye uwanja mkubwa wa kuegesha magari usio na bomba hata moja hakuwa akilipa chochote.

Lakini kilichonisimamisha ni Ujerumani. Tarehe 11 Machi 2010 mahakama ya juu ya mambo ya utawala ya jimbo la Baden-Württemberg iliamua kwamba kutoza watu maji ya mvua kwa kufuata kiasi cha maji ya bomba wanachotumia si haki. Fikiria familia ya watoto watano katika ghorofa. Inafua, inapika, inaoga, mita inakimbia, ilhali sehemu yake ya paa ni ndogo mno. Jirani yake ni duka lenye uwanja mpana wa lami na sinki moja. Kwa hesabu ya zamani familia ndiyo iliyokuwa ikililipia duka. Miji ya jimbo hilo ikalazimika kuzitenganisha ada mbili, ya maji machafu kivyake na ya mvua kivyake.

Ni swali la bibi lile lile, limeulizwa na watu wenye majoho.

Wala si mambo ya nchi tajiri peke yake. Santo André, mji wa viwanda kando ya São Paulo, Brazil, ulianza kutoza ada ya mitaro miaka ya 1990.

Palipoharibika pia nilipasoma. Maryland, Marekani, walipitisha sheria mwaka 2012 kulazimisha kaunti zao kubwa na mji wa Baltimore kutoza ada hii. Wapinzani wakaibatiza kodi ya mvua. Larry Hogan aliishambulia katika kampeni yake, akachaguliwa gavana 2014, na 2015 bunge la jimbo likaondoa ule ulazima. Wananchi walikuwa wameambiwa watalipa nini. Hawakuwa wameonyeshwa wakae waelewe maji yanatoka wapi na yanakwenda wapi.

## Nilipokwama

Ningependa kuandika kwamba baada ya hapo mambo yalininyookea. Hayakunyooka.

Kwanza, mpangaji. Mwenye ghorofa akiandikiwa ada ya kabro yake, mwezi unaofuata anaongeza kodi ya nyumba. Anayeumia ni yule kijana wa chumba kimoja ambaye kabro hakuitaka wala hakuulizwa. Nililiweka hilo mbele ya rafiki yangu anayefanya kazi ya kukusanya kodi za nyumba, akacheka: "Kaka, hao huongeza hata bila sababu." Ni kweli, lakini si jibu. Jibu nililoliona lina mantiki ni kwamba ada ya godauni, yadi ya kontena, duka kubwa na hoteli haina mpangaji wa chumba kimoja wa kubebeshwa. Nenda Changamwe, nenda Miritini, utazame yadi za kontena: eka kwa eka za zege, na chini yake miteremko ya udongo wa mfinyanzi ambako maji hayazami, yanakata tu makorongo hadi kwenye vizingiti vya watu. Tungeanzia huko, na nyumba za kuishi zenye paa dogo zikaachwa nje kabisa, tungekuwa tumegusa sehemu kubwa ya maji bila kugusa mfuko wa mpangaji.

Hapo pia tatizo la nyumba bila shamba linapungua makali. Haliishi. Mwenye nyumba bila shamba akitozwa ada ya paa, je, risiti ile itakuwa ushahidi kwamba nyumba ni yake? Wenye mashamba wataipinga kwa hofu hiyo, na wenye nyumba wataikimbilia kwa tamaa hiyo, na ada ya mtaro itageuka kesi ya ardhi. Mimi siitaki iguse nyumba hizo hata kwa shilingi moja mpaka suala la ardhi lenyewe limetatuliwa.

Pili, bahari. Hili nililipata kwa mvuvi mmoja wa Mishomoroni nilipokuwa nasimulia habari za mitaro mipana. Alinisikiliza, kisha akaniuliza: "Na mvua ikija na bamvua?"

Nikanyamaza.

Bamvua ndiyo hii: kila mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji ya bahari yetu hupanda na kushuka kwa tofauti inayoweza kukaribia mita 4. Mdomo wa mtaro unaomwaga kwenye hori la Tudor saa ya maji kupwa uko juu mkavu. Saa ya maji kujaa, siku za bamvua, bahari imeufunika. Mvua ikipiga saa hiyo, mtaro hata uwe na upana wa barabara, hauna pa kumwaga. Maji yanasimama yakingoja bahari irudi. Yaani pesa zote zikienda kwenye kupanua mitaro ya chini, tutakuwa tumejenga tangi la kuzuia maji katikati ya nyumba zetu.

Maji yazuiwe kule kule juu, yateremke polepole. Baada ya mazungumzo yale fikra zangu zote kuhusu ada hii ziligeuka. Kumbe thamani yake kubwa huenda isiwe katika pesa inazoleta, bali katika kile inachomfanya mwenye zege akifanye.

## Punguzo

Ujerumani na Philadelphia, ukipunguza maji unayotuma, unapunguziwa ada. Ng'oa sehemu ya lami uweke changarawe. Elekeza bomba la paa kwenye bustani. Weka tangi.

Kwetu tangi lina maana zaidi kuliko kwao. Huu ni mji unaoagiza maji yake kutoka mbali, Mzima na Baricho, na bado watu wengi wanakunywa ya mkokoteni na ya boza, mtungi kwa mtungi. Mombasa hupata takriban milimita 1,000 za mvua kwa mwaka. Paa lile la mita 10 kwa 12 linapokea takriban lita 120,000. Tunayanunua maji kwa mkono mmoja na kuyalipia yaondoke kwa mkono wa pili. Wazee wetu hawakufanya hivyo. Ingia Fort Jesus, ngome ya miaka ya 1590, utazame lile birika la kukusanyia maji ya mvua. Walioishi juu ya jiwe hili kabla yetu walijua kwamba tone lililoanguka juu ya paa ni akiba.

Kuna tahadhari moja, na naisema kwa sababu nimeona watu wakiichukulia wepesi. Jiwe la matumbawe lina matundu. Ukichimba shimo la kuzamishia maji karibu na choo cha shimo au karibu na kisima, unakichanganya kila kitu, na kipindupindu tunakijua. Maji ya paa safi yazamishwe mbali na vyoo, na maji ya yadi yenye mafuta ya malori yasizamishwe kamwe.

## Pesa zikae wapi

Nimeacha jambo gumu la mwisho, lile ambalo kila niliyezungumza naye alianza nalo: "Watakula."

Siwezi kumlaumu mtu kwa hilo. Kanuni ya Katiba, Kifungu cha 207, ni kwamba mapato ya kaunti yanaingia mfuko mmoja wa kaunti, isipokuwa yale yaliyotengwa na sheria. Yakishaingia humo, pesa za mtaro na pesa za safari ni pesa moja.

Lakini kuna mfano wetu wenyewe. Kwa miaka mingi hospitali za umma zilikuwa zikikusanya ada za wagonjwa, pesa zinakwenda kaunti, na wodini glavu hakuna. Mwaka 2023 Bunge likapitisha sheria ya kuruhusu vituo vya afya vya umma kubaki na mapato yao na kuyatumia pale pale. Rafiki yangu muuguzi aliponieleza hivyo, nilimuuliza kama mambo yamebadilika. Akasema si yote, lakini sasa wanajua wa kumuuliza, na pesa ziko karibu vya kutosha kuulizwa. Hilo lilinitosha. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012, kifungu cha 116, inaruhusu kaunti kuanzisha mfuko maalumu, bunge la kaunti likiidhinisha. Mfuko wa mitaro unaweza kuanzishwa kesho.

Sasa tunaandika. Mzee wa mtaa, vijana wa beleshi, mwalimu mmoja na mimi tunatayarisha maoni ya kupeleka Mswada wa Fedha wa kaunti utakapoletwa kwa wananchi. Tunataka ada ianze na magodauni, yadi, maduka makubwa na hoteli. Nyumba za kuishi zenye paa dogo zisiguswe. Mwenye tangi au ardhi wazi apunguziwe. Na mfuko uwe na hesabu inayobandikwa ukutani katika ofisi ya kila wadi. Tunataka pia mamlaka za barabara zilipe kwa ajili ya lami yao, kwa sababu hakuna paa kubwa Kisauni kuliko barabara kuu. Kwenye hilo hatujakubaliana wenyewe kwa wenyewe. Mwalimu anasema serikali kuilipa serikali ni kuzungusha karatasi. Mimi nasema mwenye ghorofa hawezi kuambiwa alipie kabro yake ilhali lami mbele ya geti lake inamwaga bure.

Tumeanza kuyapima mapaa ya juu yetu kwa picha za setilaiti zilizo wazi mtandaoni. Unachora mpaka wa paa na yadi, ramani inakupa mita mraba, unazidisha kwa 50, unapata lita za mvua moja kubwa. Kwa wasomaji wa Likoni, Jomvu, Mikindani na Ziwa la Ng'ombe: pimeni ya kwenu, andikeni na mtaro upi unapokea maji hayo, mniletee. Maoni ya mtaa mmoja yatawekwa kando. Yakija ya mji mzima na vipimo vyake, itabidi watujibu.